Zimebaki siku sita nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito na dayati nimeivunja. Niwaambie au ninyamaze?

BARUA

Shikamoo dada mshauri,

Kwanza naomba usitaje jina langu hata kama utaiweka barua hii watu waisome, kuna ndugu zangu wanakusoma na wengi wao hawajui kama naenda kufanyiwa upasuaji.

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, na siku naanza hii safari mzani ulisoma kilo 128. Nina ugonjwa wa sukari huu mwaka wa sita, na presha juu yake. Kupungua nimejaribu tangu nina miaka ishirini na kitu, nimetembea, nimefunga, nimekunywa majani ya kila aina, nikishuka kilo kumi zinarudi kumi na tano. Mwaka juzi daktari wangu wa sukari ndo alinitajia huu upasuaji wa kukata mfuko wa chakula, ule wanaouacha umebaki mwembamba kama bomba. Nikaogopa, nikasoma, nikaogopa tena, mwisho nikakubali. Nimepimwa damu, moyo, mapafu, nimeongea na mtaalamu wa lishe, nimeongea na mwanasaikolojia, halafu nikasubiri tarehe miezi 14. Tarehe yenyewe ni Jumatano ijayo. Leo ninavyokuandikia ni Alhamisi.

Sasa kabla ya upasuaji wamenipa dayati ya wiki mbili. Vinywaji vya protini mara tatu kwa siku, na mlo mmoja mdogo wa mboga za majani na kipande cha nyama isiyo na mafuta kama kiganja. Hamna mkate, hamna wali, hamna sukari, hamna mafuta. Nesi alisema jumla ni kama kalori 800 hivi na kwamba ni kwa ajili ya ini. Nilianza vizuri tu. Siku ya pili na ya tatu kichwa kiliuma mpaka nikawa nafokea watoto, siku ya nne nikaamka mwepesi, nikasema kumbe naweza.

Jumapili, siku ya tano, mtoto wetu wa mwisho alikuwa anatimiza miaka saba. Nilimkatia kila mtu keki mimi mwenyewe na sikuonja. Nilijisikia shujaa kabisa dada. Wageni wakaondoka, watoto wakalala, nikabaki naosha vyombo na ile keki iliyobaki iko hapo. Nilikula yote. Nilikula nimesimama, taa ya jikoni nimeizima, yaani kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jumatatu nikajiadhibu. Sikunywa hata kile kinywaji cha protini, maji tu siku nzima nifidie ile keki, dawa zangu nikameza kama kawaida (metformin na glibenclamide za sukari, na kile cha presha). Usiku saa tisa nikaamka nimelowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, na njaa ambayo sijawahi kuisikia maishani. Nilienda jikoni nikala vipande vinne vya mkate na asali na wali wa watoto uliolala, baridi hivyo hivyo. Jumanne nikafunga tena kufidia. Jana Jumatano nikafunga, usiku ikawa vile vile, jasho, kutetemeka, mkate, na juisi nusu chupa. Ni kama si mimi kabisa, ni kama kuna mtu mwingine anainuka kitandani anaenda kula kwa niaba yangu.

Jumanne mchana nesi alipiga simu kuuliza naendeleaje. Nikasema vizuri tu, nafuata kila kitu. Sijui kwa nini nilidanganya, neno lilitoka kabla sijafikiri.

Mume wangu nimemwambia. Amesema ninyamaze, maana wakijua wataahirisha nirudi nyuma ya foleni, na yeye ameshaomba likizo kazini ya kunihudumia. Dada yangu, ambaye ndo pekee anayejua habari hii upande wetu, yeye aliniambia neno limenikaa kifuani mpaka sasa: "Kama wiki mbili zimekushinda, hayo maisha yako yote yaliyobaki utayaweza?"

Nashindwa kumjibu kwa sababu na mimi najiuliza hivyo hivyo. Labda siyo mtu wa kufanyiwa huu upasuaji. Labda kuna mwenye nidhamu anayestahili hiyo nafasi kuliko mimi. Niwaambie hospitali na nipoteze tarehe? Ninyamaze nikaze hizi siku sita zilizobaki? Au nijitoe mwenyewe kabla sijaaibika zaidi?

Ni mimi, wa jikoni usiku


JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeijibu siku hiyo hiyo ilipofika kwa sababu ya hizo siku sita, wewe umeshaipata, na hapa naiweka kwa ruhusa yako kwa kuwa naamini uko na wenzio wengi walioko kwenye hizo wiki mbili wanaficha kama wewe.

Umeniuliza kuhusu kusema au kunyamaza. Tutafika huko. Ila kuna kitu kwenye barua yako umekipita haraka sana, umekiandika kama vile ni ushahidi wa ubaya wako, na mimi nimekisoma mara tatu nikashindwa kuendelea. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ajabu, saa tisa usiku, baada ya siku nzima ya maji matupu huku dawa za sukari umemeza kama kawaida.

Mdogo wangu, hiyo inafanana sana na sukari kushuka.

Mimi si daktari wako na siwezi kukupima kwa barua, ila naomba unielewe jinsi hizo dawa mbili zinavyotofautiana. Metformin ikiwa peke yake ni mara chache sana kumshusha mtu sukari kupita kiasi. Glibenclamide ni habari nyingine, yenyewe inaisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, na inaisukuma hivyo hivyo hata kama hujatia kitu mdomoni, na kazi yake inadumu masaa mengi mpaka usiku. Dozi unayomeza ilipangwa kwa mtu anayekula mkate na wali na kila kitu. Mtu huyo huyo akihamia kalori 800 kwa siku, dozi ile ile inaweza kuwa kubwa mno. Akifunga kabisa, ndo kabisa. Ndiyo maana wagonjwa wa sukari wanaoanza dayati hii inatakiwa dawa zao ziangaliwe upya, wanaochoma insulini na wanaomeza dawa za kundi la glibenclamide kwanza kabisa, na hata dawa za presha huwa zinatazamwa maana uzito na maji vikianza kushuka presha nayo inashuka mtu anapata kizunguzungu akisimama. Inawezekana walikwambia siku ile ya maelezo mengi ukasahau, inawezekana jambo lenyewe lilipita katikati bila mtu kulishika, sasa hivi siyo muhimu ni lipi. Muhimu ni uwapigie simu hospitali leo. Hili moja sikuachii ulipime wewe na mumeo, na haliwezi kusubiri uamuzi wako kuhusu yale mengine. Usiipunguze dawa kwa kukisia, na usiendelee kufunga huku unaimeza.

Kama una kile kimashine cha kupimia sukari, pima ukiamka vile. Ikisoma chini ya 4 kwa mashine za mmol/L (au chini ya 70, kwa mashine zinazotumia mg/dL), vijiko vitatu vinne vidogo vya sukari kwenye maji au nusu kikombe cha juisi, subiri dakika 15, pima tena. Ikipanda ule kitu kidogo cha kukaa tumboni, kwa sababu dawa bado imo mwilini na inaweza kuishusha tena. Na uwajulishe. Hiyo haihesabiki kama kuvunja dayati, hiyo ni tiba.

Sasa hebu turudi nyuma uitazame wiki yako pamoja na mimi. Wewe umeniandikia habari ya mwanamke aliyeshindwa mara tatu. Mimi naiona tofauti kidogo. Naona mwanamke aliyefuata dayati ngumu siku nne na zaidi, akala keki usiku mmoja, halafu akajiadhibu, na ile adhabu ndo huenda ikazaa usiku wa pili na wa tatu. Unaona? Keki ya Jumapili ilikuwa ni mambo ya moyo, uchovu, sherehe, kujinyima siku nzima mbele ya watu. Ila mkate wa Jumatatu usiku sina uhakika kama ulikuwa wa moyo. Inawezekana ulikuwa ni mwili unaopiga kelele usife. Ubongo ukikosa sukari haukuombi ruhusa wala haujali ratiba ya nesi, unakuinua kitandani unakupeleka jikoni, na ndo maana ulihisi ni kama mtu mwingine. Sasa usiku wa aina hiyo na usiku wa keki umevitia gunia moja ukaandika juu yake "sina nidhamu". Ungevitenganisha ungeona kwamba kinachohitaji kurekebishwa kwanza ni kule kufunga mchana na kile kidonge, tabia yako inakuja nyuma yake.

Sisemi keki haikuwa kitu. Ilikuwa kitu, na nitakwambia ni kitu gani ili usiikuze wala usiipunguze.

Ini limekaa juu upande wa kulia ila lina bawa la kushoto linalokuja kufunika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Upasuaji wako unafanywa kwa matundu madogo na kamera, na ili daktari aufikie mfuko inabidi alinyanyue hilo bawa kwa kifaa alishikilie pembeni muda wote anaofanya kazi. Kwa watu wenye uzito mkubwa, na zaidi wenye sukari, ini mara nyingi limejaa mafuta, ni kubwa, zito, na linachanika kirahisi. Likiwa hivyo daktari haoni vizuri, likiguswa linaweza kuvuja damu, na wakati mwingine inabidi aache matundu madogo apasue tumbo wazi, au afunge tu amrudishe mgonjwa wodini bila kufanya alichokuja kufanya. Dayati inapambana na hilo. Ini huwa linaweka akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni inashikana na maji kama gramu tatu. Ukikata wanga, akiba hiyo inatumika, maji yanaondoka nayo, ini linaanza kunywea, halafu mafuta yaliyomo nayo yanaanza kuchomwa. Sehemu kubwa ya kupungua huko inatokea ndani ya wiki mbili za mwanzo, ndo maana wengi wanapewa wiki mbili.

Kwa hiyo keki na mkate vilifanya nini? Vilirudisha sehemu ya ile akiba na maji yake. Mafuta ya ini hayarudi yote kwa usiku tatu, ila kazi imerudi nyuma hatua kadhaa, na siku sita za dayati iliyotulia bado ni siku za maana sana. Ndo maana siwezi kukubaliana na wazo kwamba umeharibu kila kitu, na pia siwezi kukwambia hamna kilichotokea. Ini lako likoje leo hamna anayejua, si wewe, si mimi, si mumeo. Jumatano kamera ikiingia ndo litaonekana.

Hapo ndo naona swali lako lilipo. Hospitali wataliona ini lako ukiwaambia au usipowaambia, swali ni kama watalikuta wamejiandaa au hawajajiandaa.

Tuanze na njia ya mumeo, kunyamaza na kukaza. Nisimdharau, kwa sababu mtu aliyesubiri na wewe miezi 14 akaomba na likizo anaongea kwa woga wa kukuona unavunjika moyo. Na inawezekana kabisa ukanyamaza, ukakaza, Jumatano ikapita salama, wapo ambao imekuwa hivyo. Hatari yake ni kwamba unawanyima watu watakaokushika ukiwa umelala nusu kaputi kitu ambacho wangekifanyia kazi mapema. Wangeweza kukubadilishia vinywaji, kukuongezea siku, kupanga daktari mwenye uzoefu zaidi wa ini gumu, mimi sijui wangechagua lipi, ila wasichokijua hawawezi kukipangia. Na ukinyamaza kuhusu keki, utawaambiaje kuhusu kutetemeka? Maana watakuuliza umekula nini na saa ngapi, na uongo wa kwanza utahitaji wa pili. Hapo ndo nauona ugumu wa njia hii hata kabla ya Jumatano.

Njia ya pili ni kusema yote. Hatari yake unaijua, inaweza kuahirishwa, na siwezi kukuahidi haitaahirishwa. Wengine huambiwa endelea na siku zilizobaki tunakuja kama kawaida, wengine huongezewa wiki, inategemea na wao na hali yako. Ila naomba ulitazame vizuri hili neno "kupoteza tarehe", maana mmelitumia wewe na mumeo kama vile ni sawa na kufukuzwa. Mmewauliza? Au mmedhani tu kwamba ukisogezwa unarudi mwanzo wa miezi 14? Huenda ni wiki mbili, huenda ni zaidi, ila ni swali lenye jibu na jibu liko kwenye simu moja. Inauma mtu kuamua jambo kubwa hivi kwa woga wa kitu ambacho hajakiuliza. Na likizo ya mumeo, najua inauma kuisogeza, lakini ni likizo.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wanaipita bila kujua, ya kusema nusu. Unawaambia "nilionja keki kidogo" halafu unaacha zile nyingine. Naielewa, inapunguza aibu. Ila kwa upande wako nusu iliyofichwa ndo ile yenye dawa na kutetemeka, yaani ungefunua lile dogo ukafunika lile la hatari.

Halafu kujitoa. Mdogo wangu, nimelisoma neno "anayestahili" nikahuzunika. Hii dayati haikuwekwa kupima nani anastahili, ingawa najua inavyopokelewa, kuna mpaka watu wa kliniki wanaoizungumza kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Imewekwa ili ini lisogee. Ukitaka kujitoa kwa sababu umeutafakari upasuaji wenyewe na umeona haukufai, hiyo ni haki yako mpaka dakika ya kuingia chumba cha upasuaji na hamna wa kukulaumu. Ila kujitoa kwa aibu ya usiku tatu, ningekuomba usiamue hivyo wiki hii, ambayo mwili wako una njaa, una usingizi nusu, na huenda una sukari inayopanda na kushuka. Hiyo si hali ya kuamulia jambo.

Na yale maneno ya dada yako. Nadhani hakukusudia kukuumiza, labda anaogopa na yeye, anaogopa kukuona mezani umepasuliwa. Ila swali lake lina kosa ndani. Anachukulia kwamba maisha baada ya upasuaji ni kama hizi wiki mbili zikirefushwa. Sivyo. Sasa hivi unajinyima ukiwa na mfuko mzima, wenye njaa yake yote. Upasuaji wako unaondoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko, na sehemu inayoondolewa ndo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo wengi wanapata kipindi ambacho njaa inapungua sana na vijiko vichache vinawatosha. Pia hakuna anayekaa kwenye kalori hizi milele, unaanza na vinywaji, unaenda kwenye vya kusagwa, vya laini, na baada ya wiki kadhaa unarudi kwenye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Wiki mbili hizi na miaka ijayo ni mitihani tofauti.

Pamoja na hayo sitaki nilitupe swali lake lote, kwa sababu kuna punje moja humo naona inakuhusu. Upasuaji unapunguza mfuko, hauigusi ile Jumapili usiku. Ile hali ya kuwa shujaa mchana mbele ya watu na kula gizani usiku ukiwa peke yako, hiyo inaingia na mtu chumba cha upasuaji na inatoka naye. Na haimaanishi usifanyiwe. Inamaanisha unastahili msaada wake pia, na wewe tayari una mlango, yule mwanasaikolojia uliyeongea naye. Ulimwambia kuhusu kula kwa kujificha? Ni mara ya kwanza imetokea, au ni kitu unakijua tangu zamani ila siku ile ya mahojiano hukukitaja kwa sababu ulitaka wakupitishe? Sikuulizi unijibu mimi. Kama ni cha zamani, nadhani hicho ndo ningekitaka wakijue kuliko hata keki, kwa sababu kinatibika, na ni rahisi kukishughulikia ukiwa na watu wanaokijua.

Hizi siku sita, tarehe ikibaki au isibaki, naomba uzifanye nyepesi kadri inavyowezekana. Kunywa vile vinywaji vyote vitatu na ule mlo, usiruke hata kimoja kwa kufidia, kufidia ndo kumekufikisha hapa. Maji kidogo kidogo mchana kutwa, kama lita mbili, isipokuwa daktari wako wa presha amekuwekea kiwango. Mwombe mtaalamu wa lishe kama unaweza kusogeza kinywaji kimoja kiwe cha usiku kabla ya kulala, kwa mtu anayeamka saa tisa hilo linaweza kusaidia sana. Choo kikigoma, mdomo ukinuka, baridi ikikuingia, hayo ni ya kawaida kwa dayati hii, waulize tu wakupe kitu cha choo. Chakula cha watoto mumeo au mtu mwingine akipike hizi siku chache, na akipakue, na mabaki yaondoke jikoni kabla hujabaki nayo peke yako. Hamna sifa yoyote kwenye kusimama mbele ya keki. Mwenye likizo hiyo ya kukuhudumia baada ya upasuaji anaweza kuanza kukuhudumia sasa, na nadhani ukimpa kazi ya mikono woga wake utapata pa kwenda zaidi ya kukwambia unyamaze.

Na kuna usiku mmoja ambao ni tofauti na zote hizi, ule wa Jumanne. Utaambiwa saa ya mwisho kula na saa ya mwisho kunywa, kawaida chakula kinakoma masaa sita kabla na maji meupe masaa mawili, ila hospitali nyingi wanawawekea wagonjwa wa upasuaji huu masharti makali zaidi, fuata ya kwako. Hiyo haihusiani tena na ini. Ukilala nusu kaputi na chakula tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Ukila usiku huo, hata kipande, au sukari ikishuka ukalazimika kunywa juisi, hiyo waambie ukifika mlangoni hata kama wamekwisha kukuvisha gauni. Waulize pia kabla ya hapo dawa zipi unameza usiku huo na asubuhi yake na zipi unaacha.

Kuhusu ule uongo wa Jumanne kwa nesi, nadhani ndo unaokuzuia zaidi kuliko keki yenyewe, kwamba sasa itabidi useme na kwamba ulidanganya. Manesi wa upasuaji huu wamesikia "vizuri tu" nyingi sana, sidhani kama yako itawashtua. Kama maneno yanakukwama, yaandike usome, hata kwa sauti ya kutetemeka. Kitu kama: "Juzi nilisema naendelea vizuri, haikuwa kweli. Nilikula keki Jumapili, halafu nimefunga siku tatu nikiwa nameza glibenclamide, na usiku mara mbili nimeamka nina jasho natetemeka nikala mkate. Naomba mniambie dawa nifanyeje, na mniambie kama tarehe bado ipo." Sentensi tatu tu. Ukitaka kuanza na dawa peke yake na mengine uyaseme kesho, anza hivyo, ila anza leo. Na mumeo akae pembeni yako wakati unapiga, asikie majibu kwa masikio yake badala ya kuyadhani.

Mengine yote ni yako kuamua, na sina haraka na wewe. Ila usiku wa leo ukiamka tena vile, washa taa ya jikoni, pima kwanza, na mwamshe mumeo aje akae na wewe.